Kura za Maoni, Zamu ya Usiku

Mashine namba nne ina kikohozi, tumeizoea.
Shuka za wazee zinazunguka humo usiku kucha
na Sewuese ameegemeza simu kwenye dumu la sabuni
ili Makurdi ionekane vizuri.

Ni Mei, Aberdeen. Saa nne za usiku na bado mwanga upo,
wa kijivu, umesimama dirishani
kama mgeni aliyekwisha kuaga na haondoki.
Saa zetu na zao ni moja kwa sasa, anasema,
ila kule giza linajua kazi yake.

Kaka yake, Orngu, anautaka useneta.
Leo si uchaguzi wenyewe. Ni ule wa ndani ya chama,
mlango kabla ya mlango.
Kwetu Tabora tunauita kura za maoni,
ingawa maoni ndiyo kitu cha mwisho kuulizwa.
Fomu peke yake ilikula akiba ya Sewuese
ya majira mawili ya baridi.
Koti alilolitamani, la kijani, lenye manyoya shingoni,
bado limetundikwa dukani. Hupita kulisalimia.

Picha inakatika. Inarudi.
Uwanja, taa za jenereta, meza ya plastiki,
wajumbe foleni na vitambulisho vifuani,
na kando yao mtu mwenye begi jeusi
ambaye hakuna anayemtazama,
kama vile hakuna anayelitazama jua.

"Yule wa kofia nyekundu ni mjomba.
Ndiye aliyemlea Orngu.
Ndiye aliyemfundisha kuinua matuta ya viazi vikuu."

Sisemi kitu. Nakunja foronya.
Mimi pia nilikuwa mjumbe, mwaka mmoja, kata yetu.
Sukari kilo tano, kanga ya mke wangu, bahasha;
tuliiita takrima, neno lenye adabu zake.
Nilimwapia mgombea wa kwanza, nikamwapia wa pili,
wa tatu nikamkumbatia kabisa.

Hesabu inaanza. Mtu anainua kila karatasi kwenye taa
kama daktari na picha ya mbavu.
Jina la Orngu linatajwa. Kimya kirefu.
Linatajwa.
Mashine inaanza kukamua, hatusikii tena,
na inaponyamaza, kati ya kura mia nne tisini na moja
kaka yake ana saba.

"Saba," anasema. "Ukoo wetu tu una wajumbe kumi na mmoja."
Anawahesabu kwa vidole, kwa majina,
anafika kwa mjomba
na kidole kinabaki juu.

Kwetu tuna msemo, namwambia: wajumbe si watu.
Anacheka, halafu hacheki.
"Kama si watu, ni nini?"

Nyuma ya orodha ya taulo, wakati wa chai, niliandika:

*Kura yangu ilo moja, niliuza mara tatu,*
*kila bahasha ikija, nilisema "huyu wetu";*
*leo naulizwa hoja, wajumbe kama si watu:*
*jibu limo, silitoi, limekaa kama chatu.*

Nikaikunja, nikaitia mfukoni, chini ya funguo.

Simu yake ikalia. Mjomba.
Anampa pole. Sauti yake nzito, ya mfiwa hasa.
Sewuese anaitikia kwa heshima, kwa Kitiv,
ameinama kidogo kana kwamba mzee anamwona;
na baadaye ananiambia alichouliza:
goti linaendeleaje,
na kwamba dawa atatuma Ijumaa.

Saa kumi kasoro, kumekucha, kana kwamba hakukuchwa.
Tunashika shuka, kila mtu pembe mbili,
tunaivuta ikanyooka, tunasogeleana mpaka mikono inakutana,
namwachia pembe zangu, hanitazami.
Ile ya chumba cha kumi na saba bado ina doa.
Tunairudisha.